Kamba ya Kupimia Njegere

Oslo, Norwei
15 Agosti 1993

Dada yangu mpendwa Anastasia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Andrea na watoto. Mimi sijambo, nashukuru Mungu. Baridi ya huku hata mwezi wa Agosti ni ile ya Mgeta ukungu unapokataa kuondoka, kwa hiyo wenzangu wa kutoka pwani wanatetemeka na mimi nawacheka.

Mama mdogo Semeni hajambo? Magoti yake je? Mwambie mwanawe anakula na kushiba. Kila nikivaa sweta namkumbuka alivyonibeba mgongoni mpaka zahanati nilipougua surua, mama yetu akiwa ameshatuacha na wewe mwenyewe ukiwa bado mtoto wa kubebwa. Hakuzaa, lakini sijui mwenye mama zaidi yetu sisi wawili.

Sasa nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Mwenzangu Godlisten, wa Bigwa, anarudi nyumbani mwezi ujao na nimempa kifurushi chako. Utakuta kitambaa cha kichwa cha Mama mdogo, rula ya mbao, na chupa ndogo ya kahawia. Chupa hiyo ndiyo iliyonileta huku kusoma. Ndani yake mna homoni, na ngoja nikueleze ni kitu gani.

Umeona nyumba ya fito inavyojengwa. Sasa chukulia kwamba kila mmea ni kijiji cha vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, tunaviita seli, na kila chumba kina ukuta wa fito zilizofungwa kwa kamba. Ndani ya chumba kuna maji yanayosukuma ukuta kwa nguvu. Ukuta ukiwa umekazwa sana, chumba hakitanuki na mmea unabaki kibete. Lakini wapo mafundi, tunawaita vimeng'enya, ambao kazi yao ni kukata kamba, kuacha ukuta usogee kidogo, kisha kuzifunga upya. Ndivyo mmea unavyorefuka, dada. Hakuna uchawi. Na homoni ndiyo inayotoa amri kwamba mafundi wengi zaidi waitwe kazini. Njegere zetu za Mgeta ni fupi kwa sababu zina homoni hiyo kidogo mno.

Panda njegere kwenye ngazi ya juu ya shamba lako la mteremkoni, mistari ishirini. Zikifika kimo cha kidole, tia kifuniko kimoja cha chupa kwenye ndoo ya maji, nyunyizia mistari kumi, kumi uiache. Pima miche kila Jumapili uniandikie. Zitakuwa zawadi yangu kwako, na kwangu vipimo viwili vitatu havitaharibu kitu.

Mjomba Laurenti usimsumbue na habari hizi. Akiuliza, sema ni mbolea ya maji.

Mdogo wako akupendaye,
Agustino


Mgeta
31 Oktoba 1993

Mdogo wangu Agustino,

Marahaba, na milele amina. Barua yako na kifurushi vilifika salama, Godlisten ni mtu mwaminifu. Watoto hawajambo. Mama mdogo amekifunga kitambaa tangu siku ile, hata shambani hakivui, anasema ndicho kinachomponya magoti wakati kiko kichwani. Mwache.

Habari si zote nzuri. Andrea amepunguzwa kiwandani. Waliitwa uwanjani wakasomewa majina kama wanafunzi waliofaulu, kumbe ndio waliofeli. Mashine zimeuzwa kwa mtu ambaye hawajamwona. Sasa yuko Dakawa anajifunza kulima mpunga kwenye maji, yeye aliyezoea kupiga saa ya kuingia zamu. Anarudi kila baada ya majuma mawili, kakonda. Huku duka la ushirika limefungwa, mlangoni wanauzia mitumba. Wanaita soko huria. Malori ya Dar yanapanda mpaka Nyandira kufuata njegere, na mwaka huu nyumba nzima inaitegemea ngazi ile ya juu. Nakwambia ujue.

Njegere nilizipanda mwisho wa Septemba. Nilinyunyizia kama ulivyosema, alfajiri watu wakiwa misa ya kwanza. Umesahau kwa nini tunajificha? Tangu kabichi za ndugu yetu Stephano ziungue kwa dawa ya yule mchuuzi, Mjomba ametangaza kwamba atakayeingiza chupa kwenye ardhi ya ukoo atanyang'anywa ngazi zake. Na Mjomba akitoa neno, hata watoto wake wa kuwazaa wanaramba vumbi, sembuse sisi wapwa.

Kupima ni kazi ya Mama mdogo. Mimi Jumapili nina kwaya. Alisema, "Nipe mimi, mlima umenishinda lakini shambani nafika." Rula haisomi, mistari yake midogo kama chawa. Basi amesokota kamba ya mgomba. Anaishikiza chini ya mche, anaivuta mpaka juu, anapiga fundo, halafu anaanzia hapo kwenye fundo kwa mche unaofuata. Fundo hadi fundo ni mche mmoja. Anahesabu kwa sauti kwa Kiluguru, polepole, wapita njia wanamsalimia haitikii asije akakosea. Nyumbani nailaza kamba juu ya rula nakuandikia. Vipimo hivyo hapo nyuma ya karatasi.

Agustino, zimekua! Mistari kumi imewaacha wenzao kama dada na mdogo wake. Watu wanasimama kutazama. Naona uchungu kuiacha ile mingine ibaki vibete.

Lakini nikuulize. Mashina yamekuwa membamba, na kijani chake kimefifia. Nikishika shina linalegea mkononi. Ndivyo inavyotakiwa? Nijibu hilo.

Dada yako,
Anastasia


Oslo
14 Novemba 1993

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimesikitika sana kwa habari za shemeji. Mpe pole. Mwambie Dakawa kuna maji na ardhi, atazoea. Hapa theluji imeanza, nitakutumia picha.

Dada, vipimo vyako! Nimevionyesha kwa profesa wangu, akaita wengine waje waone. Nimesema ni vya shamba la majaribio nyumbani, mita elfu moja na mia tano juu ya bahari. Waliuliza nani anapima kwa uangalifu namna hii, nikajibu ni msaidizi mzoefu. Mwambie Mama mdogo ameitwa msaidizi na watu wenye ndevu nyeupe, atafurahi.

Huku maabara tunatwanga mashina ya njegere na kupima nguvu ya wale mafundi niliokueleza. Penye homoni, kimeng'enya kinachokata na kufunga upya kamba za ukuta kinafanya kazi maradufu. Nilikuwa na matokeo ya maabara tu, na maabara si shamba. Sasa ninavyo vyote viwili, na mwezi wa Aprili nitasimama mbele ya jopo kutetea kazi yangu.

Kuhusu rangi, isikutie hofu, mmea unaokua haraka hupauka. Nyunyizia mara ya pili, vifuniko viwili kwa ndoo. Na kama unaona uchungu kwa ile mistari mingine, nyunyizia yote. Vipimo vya kulinganisha ninavyo tayari vya kutosha.

Mama mdogo aendelee na kamba yake.

Mdogo wako,
Agustino


Mgeta
9 Januari 1994

Agustino,

Sisi wazima. Krismasi ilipita.

Njegere zimelala. Nilinyunyizia yote kama ulivyosema, vifuniko viwili. Zilipanda, zikapanda, mpaka nikawa nazionea aibu. Juma la kabla ya Krismasi ikanyesha mvua ya siku nne. Siku ya tano niliikuta ngazi nzima imelala chini, mashina yamekunjika, maganda machache na ndani hamna kitu. Nimejaribu kuziinua kwa vijiti, zinakatikia mkononi. Lori limekuja na kuondoka.

Mvua ile ile imenyesha kwa Stephano na kwa Mjomba. Zao ni fupi, zimesimama, wamevuna. Sasa watu wanauliza kwa nini za Anastasia peke yake. Na wameikumbuka kamba. Kila mtu amemwona Mama mdogo akitembea mche kwa mche, akipiga mafundo na kunong'ona bila kuitikia salamu. Wanasema kila fundo limefunga roho ya mche mmoja. Wanawake niliokuwa nikichota nao maji wananyamaza nikifika kisimani. Yeye mwenyewe hajui uzito wa jambo, anakaa mlangoni na kitambaa chako anakaranga mahindi.

Mjomba ameita kikao cha ukoo Jumamosi tarehe 22. Barua hii nampa mtu anayeteremka mjini leo ili iwahi.

Nijibu neno moja tu. Ni chupa au si chupa? Wewe ndiye unayejua. Sitaki habari za mafundi na fito.

Anastasia


Oslo
30 Januari 1994

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi, kikao kikiwa kimeshapita. Pole sana, pole mno. Natumaini wazee walitumia busara. Huku theluji imefika magotini na jua tunaliona saa chache tu, mtu anakuwa mnyonge bila sababu.

Umeuliza swali gumu kulijibu kwa neno moja. Mmea kulala kuna sababu nyingi. Inaweza kuwa mvua, inaweza kuwa upepo, mbegu, au ugonjwa wa mizizi ambao ni kawaida udongo ukishiba maji. Hata kupanda kwa kubanana huweza kuchangia. Mwanasayansi hasemi asilolipima. Bila kuyaona mashina kwa macho yangu siwezi kutoa kauli.

Kuhusu watu na maneno yao, dada, tuko mwaka 1994. Atakayeamini kwamba fundo la kamba linaua njegere ni wa kuhurumiwa. Yatapita. Mama mdogo mpe salamu zangu, mwambie asijali.

Jambo moja dogo. Vipimo ulivyonitumia vinaishia tarehe 31 Oktoba. Kama kamba za Novemba na Desemba bado zipo, tafadhali nitumie urefu wake kabla ya mwisho wa Machi. Usihangaike kuandika habari za kulala, urefu tu unatosha.

Mdogo wako,
Agustino


Mgeta
27 Februari 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wawili wana kikohozi, wa tatu mzima. Andrea amepanda mpunga wake wa kwanza, anasema umeota.

Kamba hakuna. Mjomba alizichoma mbele ya kikao, zote, na majivu akayatupa mtoni. Kwa hiyo urefu huo unaoutaka umekwenda bahari ya Hindi, ufuate huko.

Mama mdogo hayupo Mgeta. Aliulizwa kamba ni za nini, akasema anapima njegere. Wakamwuliza amewahi kuona wapi bibi wa Mgeta anapima njegere kwa mafundo. Wengine wakacheka. Mjomba alisema hataki damu wala polisi kwenye ukoo, ila mama huyo aondoke mpaka mambo yapoe. Ameshuka Kisaki, kwa Mwanvita, binti wa marehemu shemeji yake, karibu na stesheni ya reli. Alichukua mkeka, sufuria moja na kitambaa. Watu walisimama barabarani kumwangalia akishuka, yeye asiyeweza kuteremka mpaka kisimani bila kushikwa mkono. Unasema tuko mwaka 1994. Njoo uwaambie wewe.

Kisaki ni joto na mbu, Agustino. Mtu wa mlimani akishuka kule homa inamkuta hana kinga. Ana miaka sitini na tisa.

Sasa nisikilize. Mjomba anaheshimu karatasi, na anaheshimu zaidi karatasi iliyotoka Ulaya. Andika barua, useme wewe kama msomi wa mimea umechunguza habari zetu na umeona ni ugonjwa wa mizizi. Umeshautaja mwenyewe, hutashindwa kuutaja tena. Chupa usiitaje hata kwa mbali. Ikisomwa, Mama mdogo atarudi na mimi nitabaki na ngazi zangu, na hakuna mtu atakayeumia. Uongo wa kumrudisha mtu nyumbani Mungu anaufumbia jicho.

Iandike leo. Usingoje kesho.

Anastasia


Oslo
20 Machi 1994

Dada Anastasia,

Shikamoo. Nawaombea watoto wapone.

Nimeianza barua uliyoitaka mara nne nikaichana. Si kwamba naogopa uongo, maana nimeshausema mwingi, tena kwako. Nikiandika kwa mkono wangu na kutia sahihi kwamba njegere zile ziliugua mizizi, vipimo vyangu vyote vya shambani havina thamani tena. Nani atakubali urefu wa mmea mgonjwa? Ndiyo sababu. Naiandika uione ilivyo mbaya.

Basi nakuandikia kweli, na uisome mbele ya Mjomba na ukoo wote.

Njegere za Anastasia hazikufungwa na fundo la mtu. Mimi Agustino nilimpa chupa ya homoni na nikamwambia aifiche. Homoni ile iliamuru kuta za seli zilegezwe kupita kiasi. Kamba zilikatwa haraka kuliko mmea ulivyoweza kuleta fito mpya, ndipo ukapata shina refu lenye kuta nyembamba lisiloweza kubeba hata mvua. Mama mdogo Semeni alikuwa akipima kwa sababu mimi niliomba apime. Vipimo vyake ndivyo nilivyovitumia kwenye masomo yangu.

Na hili hukuniuliza, lakini nalisema. Siku nilipokuandikia unyunyizie mara ya pili, zangu za hapa, kwenye nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea, zilikuwa zimeshalala mezani siku sita. Niliziona. Niliamini za mlimani zitasimama kwa kuwa jua la huko ni kali, au nilitaka kuamini. Uliponiuliza kuhusu mashina kulegea nilijua jibu.

Nami nina swali. Barua yako inasema aliulizwa, akasema anapima. Wewe ulikuwepo. Ulijua kamba ni ya nini kuliko mtu yeyote pale. Mbona hukuandika wewe ulisema nini?

Agustino


Mgeta
3 Julai 1994

Agustino,

Watoto wamepona. Andrea amevuna magunia sita ya mpunga. Nimeanza na habari hizo kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, na tuliyefundishwa naye unamjua.

Barua yako umeiandika tarehe 20 Machi. Muhuri wa posta ya Oslo unasema tarehe 2 Mei. Nimeutazama kwa miwani ya katekista nisije nikakusingizia. Aprili ulisimama mbele ya jopo lako. Godlisten alipita hapa na kutupa hongera kwamba umefaulu vizuri, akashangaa sisi hatujui. Kwa hiyo uliandika kweli, ukaiweka mezani, ukaenda kwanza kuchukua cheti, halafu ndipo ukatafuta stempu. Majuma sita. Na mimi nilikuita msomi mbele za watu!

Lakini subiri, usione nimepanda juu ya kichuguu kukuhukumu.

Umeuliza nilisema nini kikaoni. Nitakwambia. Mama mdogo alipoulizwa anampimia nani, hakujibu. Alinitazama mimi. Yeye alijua habari ya chupa, alikuwepo nilipoifungua. Alijua pia akiitaja nitapoteza ngazi, nami nina watoto na Andrea hana kazi. Kwa hiyo hakuitaja. Alingoja niseme mimi. Mjomba akanigeukia, "Anastasia, kamba hizi unazijua?" Nikasema sizijui. Neno moja, kama lile nililokuomba wewe. Aliinamisha kichwa, akaanza kukifungua kitambaa na kukifunga tena.

Si hilo tu. Alipoondoka, ngazi yake ya chini, ile iliyo karibu na mfereji, Mjomba alinipa mimi kwa kuwa ndimi wa tumbo la mama zetu niliyebaki hapa. Niliipokea. Nilipanda kabichi.

Barua yako ilinifikia tarehe 17 Mei. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro. Nilijiambia kabichi zikomae kwanza. Nilijiambia Kisaki si mbali, ana watu wake, mwezi mmoja si kitu. Nilijua ninachofanya, kama wewe ulivyojua. Tumenyonya ziwa moja, hatuwezi kukataana.

Jumapili tarehe 19 Juni, baada ya misa, nilisimama nikamwomba Mjomba akusanye watu. Nilisoma barua yote, na pale unaposema ulijua sikuruka. Nilipomaliza nikaeleza la kwangu ambalo halikuwa kwenye karatasi. Hakuna aliyecheka. Stephano alitoka nje. Mjomba akasema ngazi zote mbili zimerudi kwa ukoo, na kwamba mimi na Andrea tushuke kesho yake kumleta Mama mdogo, na akifika yeye mwenyewe atamwomba radhi mbele ya watu wote. Alitoa mbuzi wake wa kuchinjwa siku hiyo. Nilifurahi, Agustino. Pamoja na kunyang'anywa kila kitu nilishuka mlima nimefurahi.

Tulifika Kisaki Jumanne mchana. Mwanvita alikuwa anatwanga uani. Aliponiona akauliza mimi ni nani wa marehemu.

Homa ilimshika mwanzoni mwa Juni. Walimpeleka zahanati, dawa zilikuwa zimekwisha. Alikufa Jumamosi tarehe 11, siku nane kabla sijaisoma barua yako mbele ya watu, siku ishirini na tano tangu niipokee. Wamemzika nyuma ya makazi ya wafanyakazi wa reli. Hawana padri pale, Waislamu majirani ndio waliochimba na kumstiri, Mungu awalipe. Nilimwuliza Mwanvita mbona hakutuma habari Mgeta, hata kwa dereva wa lori. Aliniangalia akanijibu kwa upole kwamba walitaka kutuma. Alipoona hali ni mbaya alimwuliza, "Mama, una watoto wapi tuwapelekee habari?"

Alisema hana.

Anastasia